Kikopo Ukingoni mwa Meza

Nchi yetu haina biashara hiyo. Naliweka hili wazi mapema, maana mimi ni mtumishi wa umma mwenye miaka kumi na tisa kazini, na sitaki mtu aje aseme kwamba karani wa Ofisi ya Staha ya Taifa amekiri jambo ambalo serikali ilishalikanusha mara nne. Kwetu kuna wasindikizaji tu. Msindikizaji ni mwanamke mtu mzima, mwenye kitambulisho cha taifa, anayekaa na kiongozi mpweke kwenye dhifa, akacheka pale kiongozi anapotaka acheke, na dhifa ikiisha akamsindikiza. Anamsindikiza hadi wapi, sheria haikusema, na mimi si mtu wa kuongezea sheria maneno.

Wasindikizaji hao walikuwa kama arobaini hivi, na kila alasiri walikaa katika ukumbi wa chai wa Hoteli ya Maridhiano, hatua chache tu kutoka Bungeni. Wakubwa nao walipita pale kunywa chai. Hakuna aliyekuja kumtafuta mtu. Mkubwa aliketi, akaagiza, akafungua gazeti, na kabla hajafika kurasa za michezo alikuwa ameshapata wa kuongozana naye, bila neno hata moja kutamkwa.

Mambo yote yalikuwa na adabu zake, na hakuna aliyefundishwa. Msindikizaji aliyeketi akiutazama mlango alikuwa na nafasi. Aliyeketi akiutazama ukuta alikuwa na mtu wake, na kumsogelea huyo ilikuwa aibu kuliko kucheka msibani. Jina halikuulizwa. Mke hakutajwa, wala mkubwa hakuulizwa pete yake imekwenda wapi tangu asubuhi. Mkikutana sokoni kesho yake hamjuani, hata kama vikapu vimegongana na nyanya zikamwagika zote. Na mteja wa mwenzako humgusi mpaka mwenzako mwenyewe akuletee kikombe cha bwana yule uendelee kukikoroga. Ukishaletewa kijiko, umekabidhiwa mtu.

Ushindani ulikuwepo, tena mkali, lakini wanawake waliuficha vizuri kuliko wanaume. Wao waligombea meza za karibu na dirisha kwa kuulizana habari za watoto, kila mmoja akitabasamu, mpaka mmoja achoke na kuhama. Wakubwa walishindana waziwazi. Aliyeingia kwenye dhifa ya Sikukuu ya Taifa akiwa na Bi Shemsa pembeni yake, mwaka uliofuata alikuwa balozi. Aliyeingia na dereva wake alihamishiwa Mifugo.

Huyu Bi Shemsa ndiye waliyemsikiliza wote. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini, zamani mwalimu wa jiografia. Mimi nilikuwa nikipeleka pale barua za ofisi, naye alizoea kuniita kaka karani na kuniagizia maandazi. Nasema hili kwa sababu litakuja kuniuma mbele.

*

Matatizo yalianzishwa na Mheshimiwa Dominiko Ngasale, Naibu Waziri wa Utulivu. Alikuwa mtanashati, mwenye manukato ya kutangulia mlangoni, na mkarimu kwa wahudumu. Lakini kwa miezi minane, kila alipoingia ukumbi wa chai alikuta wanawake wote wanautazama ukuta. Migongo arobaini. Alikunywa chai yake peke yake, akasoma gazeti hadi matangazo ya vifo, akaondoka. Kwenye dhifa tatu mfululizo alionekana na dereva, na watu wakaanza kumuuliza kuhusu ng'ombe.

Akasimama Bungeni. Alihutubia saa mbili na dakika kumi, na nilikuwepo kuandika.

"Ndugu Spika," alisema, "taifa haliwezi kuendeshwa kwa migongo. Kuna sheria ambazo hazikupita katika Bunge hili. Kuna watu wanaelewana bila kibali. Nauliza, wanaelewana nini?"

Wabunge walipiga meza. Siku hiyohiyo ikaundwa Tume ya Kuyaandika Yasiyosemwa, yenye kazi ya kukusanya adabu zote zisizoandikwa za usindikizaji, kuzipanga kwa herufi na kuzipa namba. Wajumbe walikuwa saba, wote wanaume, na kila mmoja aliapa kwamba hajawahi kukanyaga ukumbi ule, kwa hiyo hana upendeleo. Mwenyekiti alikuwa Jaji mstaafu Tufaili. Makamu wake alikuwa Mheshimiwa Ngasale mwenyewe, kwa vile ndiye mwathirika na hivyo analifahamu tatizo. Karani wa Tume nikateuliwa mimi, Erasto Mlimuka, na mke wangu akanishonea suti.

*

Shahidi wa kwanza alikuwa Bi Shemsa. Alikuja na gauni la kijani la mikono mirefu, akaketi mbele ya meza ndefu. Jaji Tufaili alimuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu, kama anamfahamu mtu yeyote katika chumba hiki.

"Simjui yeyote, mheshimiwa," akajibu.

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na wengine wakalegeza tai. Kisha chai ikaletwa. Mhudumu wa Tume alikuwa mgeni, akasimama na birika asijue aanzie wapi, na Bi Shemsa, kwa mazoea, akanyanyuka kumsaidia. Jaji akawekewa chai kavu isiyo na sukari, maana ana kisukari. Mjumbe wa Bandari akatiliwa tangawizi. Kwa Mjumbe wa Uvuvi aliiondoa sahani ya karanga akaisukuma mbali, kwa sababu bwana yule akila karanga koo humvimba. Vikombe sita, kila kimoja kama mwenyewe anavyokipenda, na hakumuuliza mtu swali. Cha saba, cha Mheshimiwa Ngasale, hakukigusa. Alikiruka akarudi kuketi.

Mjumbe wa Bandari alichungulia tangawizi yake.

"Karani, andika," alisema Jaji Tufaili baada ya kusafisha koo. "Shahidi ana kipaji cha kukisia."

Nikaandika. Kuhusu kikombe cha saba niliandika kwamba shahidi alisahau.

Walimuuliza mengi. Kuhusu kuutazama ukuta alieleza vizuri, na kuhusu kijiko pia, mpaka wajumbe wakanakili kwa shauku kama watu waliokuwa hawajui. Lakini walipomuuliza kwa nini migongo yote arobaini hugeuka siku akiingia bwana fulani, alisema labda siku hizo wanakuwa wamechoka. Mheshimiwa Ngasale akatabasamu. Tabasamu lile lilikuwa zuri sana, na bado Bi Shemsa alivuta mikono ya gauni hadi kwenye vidole.

Kikao kilipoahirishwa, Mheshimiwa alinisubiri kwenye korido. Akanishika bega akasema kwamba kuna ishara wanazopeana wanawake wale, nami ni mtu mwenye macho, na kwamba cheo cha karani mkuu kiko wazi tangu mzee aliyekishika astaafu. Hakuunganisha mambo hayo mawili. Niliyaunganisha mimi, kwenye ngazi, nikiteremka.

*

Nilikaa ukumbini alasiri tano na daftari langu chini ya gazeti. Ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa natazama nyuso, na nyuso zao hazikusema kitu.

Siku ya tano nikatazama meza. Kila meza pale ilikuwa na kikopo cha vijiti vya kuchokolea meno, cha bati, chenye nembo ya hoteli. Kikopo hukaa katikati. Manukato ya Mheshimiwa yalipoanza kusikika mlangoni, Bi Shemsa, bila kuinua macho, akakisukuma kikopo chake kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza. Meza ya jirani wakakisukuma chao. Kisha ya tatu, kisha ya dirishani. Alipovuka kizingiti, vikopo vyote vilikuwa ukingoni na viti vyote vimeelekea ukutani, na wanawake wanazungumza habari za mvua.

Sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeziona funguo alizozitafuta asubuhi nzima. Miezi minane serikali nzima imekaa pale inachokoa meno, na hakuna aliyeona.

Mheshimiwa alipoondoka nilimfuata Bi Shemsa mezani kwake, maana utaratibu unataka ugunduzi uthibitishwe. Nikamwonyesha kikopo. Hakukana. Alikirudisha katikati, akanisimulia habari za mwenzao mmoja aliyeitwa Tausi, ambaye Mheshimiwa aliondoka naye mwaka jana. Tausi sasa yuko kwa mama yake, anakunywa uji kwa mrija, taya halikuungana sawasawa. Walikwenda polisi. Polisi waliandika kwamba alianguka ngazi. Nyumba aliyokuwamo haina ngazi, walisema wenzake. Polisi wakaongeza kwamba alianguka ngazi za jirani.

"Kaka karani," aliniambia, "hatuna kingine. Hatuna wakili, hatuna mbunge, na kituoni tukifika tunachekwa. Tuna hicho kikopo. Usikiandike."

Nilimweleza, kwa upole, kwamba mtumishi wa umma haruhusiwi kuona kitu asikiandike. Nikasema kwamba huenda Tume, ikishajua, itawalinda kwa njia iliyo rasmi zaidi.

"Makamu mwenyekiti ni nani?" akauliza.

Nilifunga daftari langu. Aliniagizia maandazi kama kawaida, nami nikayala.

Niliandika usiku huohuo, Jedwali la Tatu, kipengele cha kumi na saba: "Kikopo cha vijiti kikisogezwa ukingoni, maana yake ni tahadhari." Watu wengine husema mkono uliwatetemeka walipofanya jambo kama hilo. Wangu haukutetemeka. Mwandiko ni mzuri, upo kwenye jalada, mtu anaweza kwenda kuutazama.

*

Ripoti ilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili, ikapitishwa siku iliyosomwa, na utekelezaji ukaanza Jumatatu.

Viti vyote vya ukumbi viligeuzwa kuelekea mlangoni na kufungwa sakafuni kwa skrubu. Vikopo vya vijiti vilipigiliwa misumari katikati ya meza, na akateuliwa Mkaguzi wa Vikopo, mtu wa jeshi, wa kupita kila asubuhi akivitikisa. Vijiko viliondolewa, chai ikaja ikiwa imekorogwa. Na badala ya adabu za zamani ikawekwa Kanuni ya Zamu: mkubwa anavuta tiketi kwenye sanduku, tiketi ina namba, na namba ni ya msindikizaji. Ishara, kukonyeza, kuutazama ukuta na uchovu wa pamoja viliitwa hujuma dhidi ya utulivu. Mwenye kukataa zamu yake bila cheti cha daktari angenyang'anywa kitambulisho.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na kwaya. Waziri Mkuu alisema nchi yetu imekuwa ya kwanza kuuondoa ukimya kwa njia ya skrubu, na kwamba wageni watakuja kujifunza. Mimi nilikaa safu ya mbele na barua ya ukarani mkuu mfukoni. Mheshimiwa Ngasale alikata utepe, akaombwa, kama mwasisi, avute tiketi ya kwanza.

Alivuta, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa namba ya Leokadia.

Leokadia alikuwa na miaka ishirini na saba na stashahada ya maabara, na alicheka akiziba mdomo kwa kiganja kwa sababu ya pengo. Alikuwa anangoja barua ya ajira ya hospitali ya wilaya, mwaka wa tatu sasa. Aliposikia namba yake hakusimama. Mkono wake ulikwenda kwenye kikopo. Niliuona. Kidole kimoja kikakisukuma, na kikopo kikakaa palepale kilipopigiliwa. Akakisukuma tena, kwa nguvu kidogo, mpaka ukucha ukapinda. Wenzake wote walikuwa wamekaa wanautazama mlango, na hakuna aliyeweza kugeuka. Kisha akainua uso akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Nikatazama daftari langu. Kwaya ikaanza ubeti wa pili, na akasimama akaenda.

*

Siku ya nne taarifa ya serikali ilisema kwamba msindikizaji mmoja ameteleza ngazi. Uongozi wa hoteli ukakanusha, ukisema lifti yao inafanya kazi na wageni hawatumii ngazi. Serikali ikarekebisha kwamba aliteleza akiikimbilia lifti. Jambo likaisha hapo, na fomu ya ajali nikaijaza mimi, kwa kuwa ni kazi ya karani mkuu.

Nilikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Leokadia alikuwa amefungwa bendeji nusu ya kichwa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, muuguzi aliniambia, na kwamba huyu dada alikuwa anauliza kama maabara wanaajiri mtu mwenye jicho moja, maana hadubini hutazamwa kwa moja. Bi Shemsa alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alipokea machungwa, akanishukuru, akayaweka nje ya mlango, chini, kisha akarudi akafunga.

Nilisimama pale kwenye korido muda mrefu. Nilijisikia vibaya, na sina neno la kiofisi la kulieleza hilo. Nilijiambia kwamba msumari sikupigilia mimi. Halafu nikakumbuka kwamba hata idadi ya misumari ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wangu.

*

Miezi miwili baadaye Mheshimiwa Ngasale, sasa Waziri kamili, aliniita. Alikuwa amekasirika. Alisema Kanuni ya Zamu inahujumiwa. Kila akikaribia ukumbi, kabla hajagusa sanduku la tiketi, wanawake wote wanaugua. Wana vyeti vya daktari, vyenye mihuri, vya tarehe ileile, na daktari mwenyewe ni mwanamke na amehojiwa mara tatu akasema ni malaria. Viti vimefungwa, vikopo havisogei, Mkaguzi anavitikisa kila siku. Basi lazima kuna ishara mpya. Akanipa fomu yenye mistari miwili ya kujaza, akasema cheo cha ukurugenzi kiko wazi.

Nikaenda alasiri ya siku hiyohiyo. Nilivaa suti ile aliyonishonea mke wangu. Ukumbi ulikuwa umejaa, wanawake wameketi safu kwa safu wakiutazama mlango kama abiria, na mimi nikasimama kizingitini nikitafuta meza.

Ndipo nikasikia mlio mdogo. Bi Shemsa alikuwa amechukua kisahani chake na kukifunika juu ya kikombe. Jirani yake akafunika chake. Mlio ukahamia safu ya pili, ya tatu, ukafika dirishani, kisahani baada ya kisahani, na hakuna aliyeinua macho.

Nimeipata, nikasema, tena kwa dakika moja. Nikageuka nyuma haraka nimwone Mheshimiwa akiingia, niandike saa kamili.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Korido ilikuwa tupu hadi kwenye lifti.

Nilipogeuka tena walikuwa wameanza kusimama, mmoja mmoja, wakichukua mikoba yao kwa utaratibu. Walinipita kwa adabu zote, huyu akisema samahani, yule akisema naomba njia. Mwanamke mmoja alisogeza kitambaa chake kisiniguse. Bi Shemsa alitoka wa mwisho, nikamzuia mlangoni kwa swali.

"Bi Shemsa, nani amekuja?"

Alinitazama namna wanavyotazama sokoni, nyanya zimemwagika na vikapu vimegongana.

"Simjui yeyote, mheshimiwa," akasema, akapita.

Nikaketi kwenye meza yake. Mhudumu aliniletea chai iliyokorogwa na hakuleta maandazi. Nikaitoa ile fomu nikaikunjua. Mstari wa kwanza uliuliza: ishara iliyoonekana. Mstari wa pili uliuliza: mtu aliyekusudiwa. Mbele yangu vikombe arobaini vilikuwa vimefunikwa, na nilikaa navyo mpaka mhudumu alipokuja kuvikusanya.

Kwenye mstari wa kwanza nikaandika: hakuna. Ndiyo mara pekee katika miaka kumi na tisa nimeona kitu nisikiandike, na ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya Leokadia. Lakini ule mstari wa pili ulitaka jina, na jina nililijua.